Jiwe la tani milioni 470 na nauli yake

Tangu mwaka 2017 kuna habari isiyozeeka kwenye magrupu ya WhatsApp. Huko angani, inasema, kuna asteroidi iitwayo Psyche, imejaa chuma, na thamani yake ni dola 10,000,000,000,000,000,000. Zigawe kwa watu bilioni 8 na kila mmoja wetu, hadi mtoto aliyezaliwa leo alfajiri, anaondoka na dola bilioni 1.25. Habari hiyo hutaja bei ya mzigo, hunyamaza kuhusu nauli. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza kontena kutoka Guangzhou angeanza na nauli.

Hesabu hiyo inafaa ipigwe yote, mwanzo hadi mwisho. Lakini Psyche si jiwe zuri la kufanyia hesabu. Chombo kilichotumwa huko Oktoba 2023 kinatarajiwa kufika mwaka 2029, na hadi hapo mengi yanayosemwa juu yake ni makisio ya mbali. Heri tuchukue jiwe la kawaida, dogo, lisilo na sifa za dhahabu wala almasi, ambalo tayari limepigwa picha kwa karibu na kupimwa. Mawe ya namna hiyo ndiyo mengi. Katika Ukanda wa Asteroidi, lile eneo pana kati ya njia za Mirihi na Mshtarii, yenye kipenyo cha zaidi ya kilomita moja pekee yanakadiriwa kupita milioni moja. Madogo zaidi hayana idadi.

Jiwe letu ni Dinkinesh. Liligunduliwa tarehe 4 Novemba 1999 na mradi wa LINEAR, kwa darubini zilizoko Socorro, New Mexico, Marekani. Likapewa namba 152830, likawekwa kwenye orodha, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyelijali. Liko upande wa ndani wa ukanda, wastani wa kilomita milioni 328 kutoka kwenye Jua, na mwaka wake mmoja ni miaka yetu 3 na karibu miezi 3. Tarehe 1 Novemba 2023 chombo cha NASA kiitwacho Lucy kililipita kwa umbali wa kilomita 430. Ndipo likawa jiwe dogo kuliko yote yaliyowahi kutembelewa katika ukanda huo: mita 790 mahali lilipo pana zaidi. Ukiliviringa liwe mpira kamili, kipenyo chake kinatoka kama mita 720.

Jina lina ukoo wake Afrika Mashariki. Dinkinesh ndivyo Waethiopia wanavyoliita ile mifupa ya mwanamke wa kale wa Hadar, Afar, iliyopatikana Novemba 1974 na timu ya Donald Johanson, ambayo kwingineko duniani inajulikana kwa jina la Lucy. Chombo kilichukua jina la Kizungu, jiwe likachukua la Kihabeshi.

Sasa bili. Safari nzima ya Lucy, ya miaka 12, imetajwa kugharimu dola milioni 981. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola tunazungumzia shilingi trilioni 2.45, zaidi kidogo ya theluthi ya gharama ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, inayotajwa kuwa takriban shilingi trilioni 6.5. Mkataba wa roketi peke yake, Atlas V iliyoruka kutoka Cape Canaveral tarehe 16 Oktoba 2021, ulikuwa wa dola milioni 148.3. Yaani kutoka ardhini tu kumekula asilimia 15 ya fedha zote. Kinachobaki ni kubuni chombo, kukijenga, kukijaribu, na mishahara ya watu watakaokifuatilia hadi mwaka 2033. Gawanya kwa miaka 12, unapata karibu dola milioni 82 kwa mwaka.

Hizo dola milioni 981 zinanunua nini? Mpango wa Lucy ni asteroidi za Trojani, makundi mawili yanayotembea kwenye njia moja na Mshtarii, moja likiwa mbele yake na jingine nyuma. Ukihesabu kila kinachotembelewa pamoja na miezi midogo inayoambatana nacho, orodha ina vitu 11. Dola milioni 981 kwa vitu 11 ni kama dola milioni 89 kwa kila kimoja. Mhasibu wa haraka angeandika hapo: Dinkinesh, dola milioni 89.

Atakuwa amekosea, na kosa lenyewe linatufundisha kitu. Dinkinesh haikuwemo kwenye mpango kabisa. Chombo kilikuwa tayari kimeruka pale Raphael Marschall wa kituo cha unajimu cha Nice, Ufaransa, alipopitisha njia ya Lucy kwenye orodha ya asteroidi nusu milioni na kuona kwamba moja ndogo ingeachwa umbali wa kilomita 64,000. Kwa kipimo cha anga hapo ni jirani. Januari 2023 NASA ikakubali kuiongeza. Kuanzia Mei chombo kikafanya masahihisho madogo ya njia, na zile kilomita 64,000 zikashuka hadi 430. Gharama ya nyongeza ilikuwa mafuta kidogo na saa za kazi za watu ambao wangelipwa hata hivyo. Roketi ilikwisha kulipwa, na chombo pia. Ukigawa sawasawa, jiwe hili ni la dola milioni 89. Ukiuliza kilichoongezeka kwenye bili kwa sababu yake, hata sehemu ndogo ya hiyo huipati. Wanauchumi watakuambia hesabu ya pili ndiyo ya kufanyia uamuzi, na mimi nipo upande wao.

NASA haikufanya hivyo kwa udadisi mtupu. Lucy ilihitaji jaribio. Inapopita asteroidi, kamera zake lazima ziligande jiwe huku chombo kikikimbia, na hakuna mtu wa kushika usukani. Ishara ya redio kutoka Duniani hadi Dinkinesh huchukua si chini ya dakika saba hata pale sayari yetu inapokuwa upande mmoja nayo. Kwa hiyo chombo lazima kijitafutie shabaha chenyewe. Lucy ilipita kwa mwendo wa kilomita 4.5 kwa sekunde. Kwa mwendo huo upana wote wa jiwe, mita 790, unamalizwa kwa sehemu 18 za mia za sekunde. Walipokaribiana kabisa, mwelekeo wa jiwe ulikuwa ukihama kiasi cha nyuzi 0.6 kila sekunde, na kamera ilipaswa kuhama nao. Isitoshe, Lucy imebeba mbawa mbili za paneli za jua, kila moja ya mviringo wenye kipenyo cha zaidi ya mita 7, na moja ilikataa kujifunga sawasawa baada ya kuruka. Hukumbatii shabaha zako ghali, zile za mwaka 2027, kabla hujaona chombo kama hicho kinageukaje. Dinkinesh ilikuwa mazoezi.

Mazoezi yakazaa ambacho hakikutarajiwa. Picha zilionyesha kuwa Dinkinesh ina mwezi wake. Picha zilizofuata, zilizochelewa kushuka kama kawaida ya data za mbali, zikaonyesha kuwa mwezi wenyewe ni mawe mawili yaliyogusana, moja la mita 210 na jingine la mita 230. Ulipewa jina Selam, la mtoto wa kike wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana Dikika, Ethiopia, mwaka 2000 na Zeresenay Alemseged. Selam huzunguka kilomita 3.1 kutoka katikati ya jiwe kubwa.

Kuna habari tamu hapa kwa wapenda vipimo. Kabla ya Lucy kufika, darubini za Duniani zilikuwa zimeona mwanga wa Dinkinesh ukipanda na kushuka kila saa 52.67. Wataalamu wakasema, kwa haki kabisa, kwamba jiwe hili linajizungusha polepole. Kumbe saa 52.67 ulikuwa mzunguko wa mwezi ambao hakuna aliyejua kama upo. Dinkinesh yenyewe hujizungusha kila saa 3.74, mara kumi na nne kwa kasi zaidi.

Mwezi huo ndio mizani. Bila mwezi, jiwe linalopitwa kwa kasi vile haliwezi kupimwa uzito; mvutano wake ni mdogo mno kukipinda chombo njia kwa kiasi cha kuonekana. Ukiwa na mwezi, namba mbili zinatosha, na yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari anaweza kufuatana nami. Chukua umbali, mita 3,110, uzidishe kwa wenyewe mara tatu: unapata kama bilioni 30. Chukua muda wa mzunguko, saa 52.67, uugeuze sekunde, yaani 189,612, uzidishe kwa wenyewe mara mbili: karibu bilioni 36. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa 39.48, ambayo ni pai mara pai mara nne, kisha gawanya kwa namba ya Newton ya mvutano. Jibu ni kilo bilioni 495, au tani milioni 495, kwa jiwe na mwezi wake. Toa Selam, ambaye kwa ukubwa wake hufikia kama tani milioni 25 au 27, na jiwe kubwa linabaki na takriban tani milioni 470.

Namba hiyo ni kubwa kwa lori na ndogo kwa anga. Ukanda wote wa asteroidi una uzito wa kama asilimia 3 ya Mwezi wetu, na zaidi ya theluthi ya huo imo ndani ya Ceres peke yake, yenye kipenyo cha kilomita 940 hivi. Dinkinesh ni sehemu moja kati ya bilioni tano za ukanda. Na pamoja na wingi wote wa mawe, ukanda ni mtupu: kati ya jiwe la kilomita moja na jirani yake wa ukubwa huo kuna kilomita milioni kadhaa. Filamu zinazoonyesha rubani akikwepa mawe kama bodaboda wa Ubungo zinatudanganya.

Gawanya uzito kwa ujazo na unapata kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo, na kosa la kilo 350 juu au chini. Mawe ya aina yake yakiwa mazima huwa na kilo 3,300 na zaidi. Maana yake karibu robo ya Dinkinesh ni nafasi tupu. Usilifikirie kama mwamba. Ni lundo, vipande vilivyovunjika zamani na kurudiana, vikishikwa pamoja na mvutano ambao ni wa kuhurumiwa.

Tuuone mvutano huo kwa karibu. Juu ya Dinkinesh ni sehemu moja ya 40,000 ya ule wa Duniani. Mtu wa kilo 70 angejiona na uzito wa gramu 1.7. Sarafu ikimponyoka mkononi kutoka urefu wa mita moja na nusu ingechukua sekunde 111, karibu dakika mbili, kugusa ardhi. Angeweza kuinama, kufunga kamba za viatu, kuinuka na kuidaka. Kasi ya kuliacha jiwe moja kwa moja ni mita 0.42 kwa sekunde. Mwendo wetu wa kawaida wa kutembea ni zaidi ya mara tatu ya huo, kwa hiyo hatua ya mtu anayewahi daladala ingemtoa asirudi tena. Na kwenye ikweta, kule jiwe linakozunguka kwa kasi zaidi, mzunguko wenyewe unameza karibu theluthi ya mvutano huo uliokwisha kuwa mdogo.

Hiyo theluthi ndiyo siri ya Selam. Picha za Lucy zinaonyesha kwamba Dinkinesh ina tuta linaloizunguka kiunoni, na bonde refu pia. Maelezo yanayokubalika ni kwamba jiwe liliwahi kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi hadi likaanza kumwaga mali yake: vifusi viliteleza kuelekea ikweta, vingine vikatoka kabisa na kujikusanya kuwa mwezi. Nani alilizungusha? Mwanga wa Jua.

Inaonekana kama mzaha mpaka upige hesabu. Katika umbali ule, mwanga unaopiga uso mzima wa Dinkinesh unaisukuma kwa nguvu ya kama niutoni 0.39. Hiyo ni pungufu ya uzito wa yai moja la kuku mkononi mwako, dhidi ya tani milioni 470. Tena si nguvu yote inayolizungusha; ni ile sehemu ndogo isiyolingana, kwa kuwa jiwe lina mabonde na vibonge na hurudisha joto upande mmoja zaidi ya mwingine. Lakini yai hilo halipumziki. Husukuma mchana wote, na angani hakuna usiku wala upepo wa kupinga, kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 2024 watafiti akiwemo Colby Merrill wa Chuo Kikuu cha Cornell walikadiria kwamba Selam ana umri wa miaka milioni 2 hadi 3. Mifupa ya Hadar ina miaka milioni 3.2. Kama makadirio hayo ni sahihi, mama yetu wa Afar alikuwa amekwisha kufa na kufukiwa kabla ya mwezi huo kuwapo.

Turudi sokoni. Dinkinesh ni ya kundi la asteroidi za mawe ambalo wataalamu huliita S. Tangu chombo cha Kijapani Hayabusa kiliporudi mwaka 2010 na punje za asteroidi Itokawa, tunajua mawe ya kundi hilo ni ndugu wa vimondo vya mawe vya kawaida, vile vinavyoanguka mara nyingi kuliko vyote. Katika vimondo hivyo chuma ni kama asilimia 20 ya uzito, sehemu kubwa ikiwa imefungwa ndani ya mawe yenyewe. Asilimia 20 ya tani milioni 470 ni tani milioni 94. Kwa mawe ya chuma yanayouzwa kwenye soko la dunia, yenye chuma asilimia 62, hiyo ni sawa na tani milioni 152. Tuweke bei ya dola 100 kwa tani. Jumla: dola bilioni 15.2.

Migodi ya dunia hutoa takriban tani bilioni 2.5 za mawe ya chuma kwa mwaka. Dinkinesh yote, ikisagwa hadi punje ya mwisho, ni mzigo wa siku 22.

Na platini? Najua kuna msomaji anauliza. Vimondo vya aina hii hubeba kama gramu moja ya platini kwa tani. Kwa hiyo ndani ya Dinkinesh kuna tani kama 470, ambazo tukiziwekea bei ya dola 1,000 kwa aunsi ni dola nyingine bilioni 15. Ni zaidi ya miaka miwili ya platini yote inayochimbwa duniani, ikimaanisha kwamba siku itakapofika sokoni bei haitabaki dola 1,000. Kuipata lazima usage jiwe lote. Tukubali kwa ukarimu kwamba yote yanauzwa kwa bei hizo. Dola bilioni 30 kwa watu bilioni 8 ni kama dola 3.80 kwa kichwa. Pale ambapo Psyche iliahidi dola bilioni 1.25, jiwe la kawaida linatoa shilingi 9,500, kabla ya nauli.

Nauli, basi. Tusiseme kulileta jiwe nyumbani. Tuseme kulisukuma tu kidogo, kubadilisha mwendo wake kwa mita 1 kwa sekunde. Kwa injini za mafuta za kawaida, zinazotoa moshi kwa kilomita 3 kwa sekunde, kazi hiyo inataka tani 157,000 za mafuta. Lucy nzima, na mafuta yake, ilikuwa tani moja na nusu hivi. Roketi ya Falcon Heavy ikipewa uwezo wake wote hufikisha tani 63.8 kwenye njia ya chini kabisa ya kuizunguka Dunia, ambako bado hujaenda popote. Ni safari 2,460. Kwa bei iliyotangazwa mwaka 2022 ya dola milioni 97, ambayo ni bei ya kubeba pungufu ya uwezo huo, kwa hiyo nimejipa punguzo, utalipa karibu dola bilioni 239. Umetumia dola bilioni 239 kulisukuma jiwe la dola bilioni 30 kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Safari halisi ya kutoka pale hadi kwetu inadai kubadilisha mwendo kwa zaidi ya mita 4,000 kwa sekunde. Sina haja ya kuendelea.

Watetezi wa uchimbaji wa angani watajibu kwamba hakuna mwenye akili anayetaka kuleta jiwe zima. Utasafisha hukohuko na kuleta kilicho bora, au utatumia maji na chuma hukohuko kujengea vyombo. Hoja hiyo ni ya haki, na kwa maji ina uzito kweli. Ila Dinkinesh ni jiwe la mawe, si la maji, na bei ya kuleta kidogo tumekwisha iona. Safari ya OSIRIS-REx iligharimu kama dola bilioni 1.16, na Septemba 2023 ikatua jangwani Utah na gramu 121.6 za asteroidi Bennu. Kila gramu imegharimu dola milioni 9.5. Hayabusa2 ya Japani ilirudi kutoka Ryugu na gramu 5.4.

Nasi huku Afrika Mashariki tunaletewa bure. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya vimondo vya mawe iliangukia mji wa Mbale, Uganda. Vilivyokusanywa vilizidi kilo 100. Kipande kimoja cha gramu 3.6 kilipiga jani la mgomba, kikapunguza kasi, kikamwangukia mvulana kichwani bila kumuumiza. Mwezi Julai 2011 kingine kikaanguka karibu na Thika, Kenya. Vyote ni vya familia ileile ya mawe ya kawaida. Kimondo cha Mbozi, ambacho watalii huenda kupigia picha, ni cha aina nyingine, cha chuma, chenye tani kama 16.

Wauzaji wa vimondo huuza mawe ya kawaida kwa dola chache kwa gramu. Basi kwa nini mtu alipe milioni 9.5 kwa gramu ya kitu kinachopatikana kwa dola chache? Kwa sababu jiwe la Mbale halina anwani. Tunajua limetengenezwa na nini, hatujui lilitoka kwenye lundo gani, lundo hilo lilizungukaje, lilikuwa gumu au limejaa matundu. Gramu ya Bennu ina anwani. Dinkinesh haikutoa hata punje, lakini ilitoa anwani kamili: umbo, uzito, densiti, mzunguko, mwezi, na ushahidi wa kiunoni wa jinsi mawe haya yanavyojimwaga.

Thamani ya anwani hiyo haiko kwenye soko la chuma. Dinkinesh inafanana mno na Didymos, asteroidi ya ukubwa wa karibu mita 780 inayopita karibu na njia ya Dunia, nayo ina tuta na mwezi. Mwezi huo, Dimorphos, ndio uliogongwa kwa makusudi na chombo cha DART tarehe 26 Septemba 2022, katika jaribio lililogharimu karibu dola milioni 324, na mzunguko wake ukafupika kwa dakika 33. Mawe yanayotutishia hutoka ukandani. Anayetaka kujua jinsi ya kulisukuma jiwe lisilo mwamba bali lundo anahitaji kuyajua pale yanapokaa kabla hayajaanza safari, na Dinkinesh ni mojawapo ya machache ambayo tumeyajua hivyo. Kwa faida ya namna hiyo, mafuta kidogo na saa za kazi ni bei ya kutupa.

Nina jambo moja la nyumbani. Kule Liganga, Ludewa, tumeambiwa kwa miaka mingi kuna tani milioni 126 za mawe ya chuma. Ni kiasi kinachokaribiana na chuma chote cha Dinkinesh. Kiko juu ya ardhi, mita sifuri za roketi, na makaa ya Mchuchuma yako jirani. Mkataba mkubwa wa kukichimba ulisainiwa mwaka 2011, na tangu hapo kimetajwa zaidi kwenye vikao kuliko kwenye tanuru. Anayekutumia habari ya utajiri wa asteroidi mwulize kwanza kuhusu Liganga. Kama chuma kinachofikika kwa lori kinatushinda kwa sababu ya mtaji, barabara na bei, kile cha Dinkinesh hakitatutajirisha kesho.

Kwa msomaji anayetaka kuona jiwe la aina hii kwa macho yake, kuna nafasi moja isiyo na gharama. Asteroidi Apophis, ya mawe kama Dinkinesh lakini yenye upana wa kama nusu ya wake, itapita kilomita kama 32,000 juu ya ardhi usiku wa tarehe 13 Aprili 2029 kuamkia 14 kwa saa za Afrika Mashariki. Haitatugonga, vipimo vya mwaka 2021 viliondoa hofu hiyo kwa angalau miaka 100. Itaonekana bila darubini kutoka sehemu kubwa ya Afrika, nukta kama nyota inayotembea. Tafuta mahali pasipo na taa za mji.